Sanduku Lililofungwa: Vumbi Nje, Joto Ndani

Wanafunzi wengi, na hata wazazi wao, watazikumbuka zile siku nne za mwezi wa Machi ambapo shule yetu ilikula makande mchana na makande jioni. Habari zilizoenea mabwenini zilikuwa kwamba shule imeishiwa fedha. Habari hizo hazikuwa za kweli. Mahindi yalikuwapo ghalani, gunia juu ya gunia. Kilichokosekana ni unga, maana mashine ya kusaga tunayoitegemea hapa Sekei ilikuwa imekufa. Na sababu ya kufa kwake naijua vizuri kuliko watu wengi, kwa kuwa shauri lililoiua nililitoa mimi.

Mhariri wa gazeti letu ameniomba nieleze jambo hili ili watu wengine wasije wakafanya kama nilivyofanya. Nimekubali, ingawa si jambo la kujivunia kwa mwalimu wa Fizikia.

Kilichokufa hakikuwa mota, wala kinu chenyewe. Kilikuwa kile chombo ambacho mafundi hukiita draivu. Mota ya kilowati 15, kama ile ya mashine yetu, ikiwashwa kwa ghafla huvuta umeme kadiri ya mara 6 ya ule inaoutumia ikiwa katika mwendo, na taa za majirani hufifia. Draivu huipa mota umeme kidogo kidogo mpaka ishike mwendo wake, bila kishindo. Ni chombo cha elektroniki: ndani yake mna transista kubwa, mna kapasita, na mna mabao yenye njia nyembamba za shaba, nyingine zimepishana kwa nafasi isiyozidi unene wa kucha. Kazi hiyo haifanyiki bure. Katika kila wati 100 zipitazo ndani ya draivu, wati kama 3 hupotea na kuwa joto. Kwa mota ya kilowati 15 hesabu hiyo ni wati 450, nusu ya joto la pasi ya umeme, na joto hilo hutoka mfululizo tangu mashine inapowashwa asubuhi mpaka inapozimwa jioni.

Sasa, draivu ile ilikuwa imefungiwa ndani ya sanduku la bati nene, lililopigiliwa ukutani. Kwa nini ifungiwe? Mtu yeyote aliyepata kuingia katika nyumba ya mashine ya kusaga anajua jibu. Huingia na nguo nyeusi, hutoka na nguo nyeupe. Unga hukaa juu ya kila kitu. Tena si unga peke yake. Udongo wetu wa chini ya Mlima Meru ulitokana na volkano, na wakati wa kiangazi vumbi lake ni laini kama poda, hupenya hata katika saa ya mkononi. Wenye umri wa kutosha watakumbuka jivu la Ol Doinyo Lengai, mlima ulipotapika katika miaka ya 2007 na 2008. Halafu wako viumbe. Mjusi hupenda sana mahali penye joto na giza. Nyigu wa udongo hujenga nyumba katika kila tundu aliloliona. Na sisimizi, kwa sababu wanayoijua wenyewe, hupenda kukusanyika katika vyombo vya umeme.

Kila mahali pana adui wake. Pale Tanga ni chumvi itokayo baharini, ambayo huila shaba. Katika viwanda vya sukari ni makapi ya miwa. Hapa Arusha palikuwa na kiwanda cha matairi cha General Tyre, kilichoanza kazi mwanzoni mwa miaka ya 1970 na ambacho kilisimama kabla ya mwaka 2010. Tairi ni jeusi kwa sababu mpira wake huchanganywa na masizi laini sana. Masizi hayo ni kaboni, na kaboni hupitisha umeme. Vumbi la namna hiyo likitua juu ya bao la saketi halifanyi uchafu tu. Lajenga daraja mahali ambapo fundi hakutaka liwepo.

Basi masanduku haya hupimwa kwa jinsi yanavyozuia vitu kuingia. Tume ya kimataifa ya mambo ya umeme, IEC, iliyoundwa mjini London mwaka 1906, imeweka alama ambayo msomaji ataiona imepigwa chapa juu ya masanduku mengi, mota, na hata taa za nje: herufi I na P, zikifuatwa na tarakimu mbili. Tarakimu ya kwanza yahusu vitu vikavu, ya pili yahusu maji. Tarakimu ya kwanza ikiwa 2, kidole cha mtu hakipiti, lakini vumbi lapita kama lipendavyo. Ikiwa 5, vumbi kidogo laweza kuingia lakini si la kudhuru. Ikiwa 6, vumbi haliingii kabisa. Katika maji, 4 ni matone yarukayo kutoka kila upande, 5 ni maji ya mpira wa bomba, na 7 ni kuzamishwa katika kina cha meta moja kwa nusu saa. Sanduku la mashine yetu lilikuwa IP54. Lilikuwa sanduku zuri, lenye ukanda wa mpira kuuzunguka mlango wote. Aliyelichagua hakukosea hapo.

Alikosea katika jambo lingine, na jambo hilo ndilo kiini cha maneno yangu. Sanduku lisiloruhusu vumbi kuingia haliruhusu hewa kutoka. Na hewa isipotoka, joto hutokea wapi?

Hutokea katika kuta za bati, lakini polepole. Kwa sanduku la chuma lililopakwa rangi, kila meta moja ya mraba ya ukuta hupitisha kiasi cha wati 5 na nusu kwa kila digrii moja ambayo ndani ni moto kuliko nje. Sanduku letu lilikuwa na upana wa sentimeta 60, kimo 80, na kina 30. Ukiacha mgongo uliogandamana na ukuta wa nyumba, eneo lake ni meta 1.3 za mraba. Zidisha: ni wati 7 kwa kila digrii. Sisi tulikuwa na wati 450. Gawanya kwa 7, utapata digrii 64. Maana yake, siku yenye joto la digrii 28 nje, ndani ya sanduku kungetaka kufika digrii 92 kabla joto linalotoka halijalingana na lile linalozaliwa. Na hapa kwetu, kwa kuwa tuko juu kiasi cha meta 1,400 kutoka usawa wa bahari, maji huchemka karibu na digrii 95. Yaani draivu ile ilikuwa yataka kupikwa kama viazi.

Haikupikwa, kwa sababu draivu ina akili kidogo. Hujipima joto, na likizidi hujizima. Katika miezi ya Januari na Februari ilikuwa ikijizima kila siku saa nane mchana, foleni ya akina mama wenye ndoo za mahindi ikiwa imefika barabarani. Mwenye mashine, mama ambaye kwa hisani yake shule yetu husagiwa kwa bei nafuu, aliniuliza siku moja nilipofuata unga.

“Mwalimu, hiki chombo kina homa. Nifanyeje?”

Nikagusa sanduku, nikaona li moto. Nikasema bila kufikiri sana, “Fungua mlango, Mama, kipate hewa.”

“Haya, Mwalimu. Wewe ndiye unayefundisha mambo haya.”

Mlango ukafunguliwa, na kwa muda wa wiki tano mashine haikujizima hata mara moja. Nilisifiwa. Nikaongeza na shauri la pili, feni ya mezani iwekwe mbele ya sanduku. Msomaji afikiri mwenyewe: nyumba imejaa unga hewani, nami naweka feni ya kuupuliza ndani!

Mvua za masika zilipoanza, asubuhi moja mama aliwasha mashine, ukasikika mlio kama wa bunduki, na hapo ndipo habari ya makande ilipoanzia.

Fundi aliyekuja kutoka mjini ni mzee aliyefanya kazi ya umeme viwandani kwa miaka mingi. Nilimwamkia, akaitika, akatazama sanduku lililo wazi, kisha akaniuliza kwa upole, “Mwalimu, waliotengeneza sanduku hili waliweka mlango kwa sababu gani?” Sikuwa na jibu.

Akanionyesha kila kitu. Nyuma ya draivu kuna bamba la alumini lenye mapezi mengi membamba, kazi yake ni kutawanya joto. Nafasi zote baina ya mapezi zilikuwa zimejaa unga, umeshindiliwa kama pamba ndani ya mto. Unga ni blanketi. Kitu kilichokusudiwa kutoa joto kilikuwa kimefunikwa shuka. Feni ndogo ya draivu ilikuwa imekwama. Kapasita zilikuwa zimevimba. Mafundi husema kwamba kapasita ikiongezewa digrii 10 maisha yake hupungua kwa nusu, na zile zetu zilikuwa zimeongezewa nyingi. Lakini kilichomaliza kazi kilikuwa maji. Unga mkavu haupitishi umeme, ila hunywa unyevu. Hewa ya masika ilipoingia, unga uliolala juu ya bao la saketi ukawa kama uji mwembamba, na umeme ukapita juu ya uji huo kutoka njia moja hadi nyingine. Katikati ya yote alikuwako mjusi mmoja, amekauka.

Kisha fundi akaniambia jambo lililonitia baridi. Unga unaoelea hewani, ukiwa mwingi wa kutosha, waweza kulipuka ukipata cheche, na vinu vya nafaka katika nchi nyingi vimepata kubomoka kwa sababu hiyo. Ndani ya sanduku lile mlikuwa na swichi kubwa inayotoa cheche kila iwashwapo. Mlango ule haukuwa wa kulinda draivu tu.

Nilidhani basi sanduku lisilo na mlango wazi litakuwa salama daima. Fundi akatikisa kichwa. Hata sanduku lililofungwa hupumua, akasema. Mchana hewa ya ndani ikipata moto hutanuka, na kwa kuwa hakuna ukanda wa mpira uliokamilika, nyingine hujipenyeza nje. Usiku hupoa na kujikunja, na sanduku huvuta hewa mpya. Katika miezi ya Juni na Julai usiku wetu huwa baridi na hewa ina unyevu. Unyevu huo ukigusa bati la baridi huwa matone, kama umande juu ya majani. Baada ya majuma mengi utakuta kijito kidogo sakafuni mwa sanduku ambalo hakuna mtu aliyelimwagia maji. Ndiyo maana masanduku mengine hutiwa kipasha joto kidogo cha kuwaka usiku tu, jambo ambalo mtu asiyejua angelicheka: sanduku linalougua joto, nalo linawekewa jiko!

Transfoma kubwa hupumua vivyo hivyo, nayo imetengenezewa pua. Hapa Arusha tuna kiwanda cha Tanelec, kilichoanzishwa mwaka 1981, kinachotengeneza transfoma, na wanafunzi wengi wameziona transfoma juu ya nguzo bila kuuliza kwa nini zina mapezi ubavuni. Ndani yake mna mafuta. Mafuta yakipata moto kwenye nyaya hupanda juu, hushuka kupitia mapezi yakipoa, na kurudi tena chini, bila pampu yoyote. Katika transfoma zile zinazovuta hewa, hewa hupitishwa kwanza katika chupa yenye punje za silika, ambazo hunywa unyevu na kubadilika rangi zikishiba, hata fundi aliyesimama chini ajue kwamba zataka kubadilishwa. Ndogo nyingi siku hizi zimezibwa kabisa, na kuta zake zilizokunjwakunjwa hutanuka na kurudi kama kinanda cha mkono.

Wanafunzi wangu wa kidato cha tatu, nilipowaeleza habari hii darasani, waliuliza kwa nini mtu asitoboe matundu mawili, moja chini na moja juu, akatia feni na kitambaa cha kuchuja. Ni swali zuri, na katika mahali penye vumbi kidogo ndivyo inavyofanywa. Feni hiyo yafaa iwekwe chini ipulize hewa ndani kupitia chujio, isiwekwe juu kuinyonya. Maana ikipuliza, hewa ya ndani husukuma nje katika kila ufa, na vumbi hukosa njia. Ikinyonya, kila ufa huwa mdomo. Lakini chujio katika nyumba ya unga huziba kwa siku chache, na chujio lililoziba ni sawa na ukuta. Tena kuna jambo la kwetu sisi wa mlimani. Kuondoa wati 450 kwa hewa inayoruhusiwa kupata moto digrii 10 tu, pwani huhitaji meta za ujazo 140 kwa saa. Hapa hewa ni nyepesi kwa sehemu kama 15 katika 100, kwa hiyo zatakiwa meta 165 kwa kazi ile ile. Feni iliyotosha Dar es Salaam yaweza isitoshe Sekei, ingawa Dar es Salaam ndiko kwenye jua kali. Watengenezaji wa draivu walijua; wengi wao huandika katika kijitabu kwamba ukipita meta 1,000, upunguze mzigo kwa sehemu 1 katika 100 kwa kila meta 100. Kijitabu chetu kilikuwamo ndani ya sanduku muda wote, ndani ya mfuko wake wa nailoni, hakijafunguliwa.

Njia nyingine ni kutumia hewa mbili zisizokutana. Hewa ya ndani huzungushwa upande mmoja wa mabamba membamba ya alumini, hewa ya nje upande wa pili. Joto huvuka, vumbi halivuki. Ni njia safi, ila ndani haiwezi kuwa baridi kuliko nje. Mahali ambapo nje penyewe ni tanuri, hutiwa kiyoyozi kidogo ubavuni mwa sanduku. Viwanda vyenye hewa ya kushindiliwa hutumia wakati mwingine bomba lililogunduliwa na Mfaransa Georges Ranque katika miaka ya 1930: hewa huingia ikizunguka kwa kasi kubwa, na bila kipande chochote kinachotembea, upande mmoja hutoka hewa ya moto na upande mwingine hewa ya baridi. Nimelisoma mara nyingi na bado hunishangaza. Lakini hewa ya kushindiliwa ni ghali, na mama mwenye mashine ya kusaga hanayo.

Fundi wetu alifanya jambo rahisi kuliko yote hayo. Aliikata bati ya mgongo wa sanduku tundu la mraba, akaitia draivu mpya katika tundu hilo kwa namna kwamba elektroniki ilibaki ndani na mapezi yakatokeza nje, akaziba ukingo kwa mpira. Sanduku akalitenga na ukuta kwa chuma cha pembe, ili hewa ipite nyuma yake toka chini kwenda juu. Kwa njia hiyo sehemu 4 katika 5 za joto hutoka moja kwa moja nje bila kuingia sandukuni hata kidogo. Zinabaki wati 90. Gawanya kwa 7: ni digrii 13 tu juu ya joto la nje, hesabu ambayo bati laweza kuibeba. Akaweka na feni ndogo ndani, isiyotoa hewa nje wala kuiingiza, bali kuizungusha tu, ili pembe moja isiwe moto kuliko nyingine. Draivu yenyewe alinunua ya kilowati 18.5 badala ya 15, kwa ajili ya kimo cha mahali na kwa ajili ya Februari. Bei yake ilizidi kidogo, na kwa sababu ninazoona msomaji atazielewa, ile ziada nililipa mimi.

Aliondoa pia jambo ambalo hakuna aliyelifikiria. Alasiri jua lilikuwa likipita dirishani na kulipiga sanduku, nalo lilikuwa na rangi ya kijivu iliyokolea. Jua la saa sita likipiga wima huleta karibu wati 1,000 kwa kila meta ya mraba. Hata likipunguzwa na kioo na mshazari, ni mzigo wa bure. Akaning'iniza kipande cha bati nyeupe dirishani. Makabati ya minara ya simu ambayo hukaa nje mara nyingi hupakwa rangi nyeupe au kijivu chepesi, na mengine huwa na paa la pili juu ya paa, kwa sababu hiyo hiyo.

Neno moja kwa wanafunzi watakaotaka kwenda kuchungulia: mlango wa sanduku hilo haufunguliwi na mtu asiye fundi. Kapasita hushika umeme hata baada ya swichi kuzimwa, kwa dakika kadhaa, na umeme huo waua. Fundi mwenyewe huzima, hungoja, hupima, ndipo hugusa.

Mapezi, kwa kuwa sasa yako nje, husafishwa kwa brashi laini kila Jumamosi mashine ikiwa imezimwa, na kazi hiyo imechukuliwa na wanafunzi wawili wa kidato cha tatu kwa zamu. Fundi aliacha kipimajoto ndani, ambacho husomwa kwa nje kwa waya. Siku waliyokwenda mara ya kwanza, saa nane mchana, saa ile ile ambayo zamani mashine ilikuwa ikijizima, waliandika katika daftari: nje digrii 26, ndani digrii 38, foleni watu 11, mashine inasaga.